Ile Ndege Iliyoimba Fa

Durban,
Jumanne, tarehe 8 Julai 2025.

Mpendwa Mama Grâce, Deborah wangu wa sauti ya pili,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi ya Durban, baridi ambayo wenyeji wanaivalia makoti mazito wakati wewe ungetoka na kitenge chako tu. Goti lako limepoa? Na lile sikio la kulia, bado linakupigia filimbi, au daktari wa Lubumbashi amelipatia dawa? Grâce naye hajambo? Sisi tu wazima, namshukuru Mungu. Blaise yuko mwaka wa pili chuoni kule Westville, na siku hizi nikimuuliza kama ameshakula ananijibu "sharp, Maman", yaani sawa, na mlango unafungwa. Mimi bado nasuka nywele palepale katikati ya mji, vidole vikinilaumu kila jioni. Térence anatengeneza simu. Fundi mzima wa ndege, leo anabadilisha vioo vya simu za watoto wa shule, ila sijamsikia akinung'unika.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu kama tuko zamani. Simu najua sikio lako haliipendi, na ujumbe wa simu mtu anaweza kuufuta. Hii nataka uishike mkononi. Nimempa Glody, mtoto wa dada yako, ambaye anapanda basi Ijumaa na mizigo yake ya viatu, na nimemwapisha asiifungue. Nakuomba ukae kwanza, uisome peke yako kabla ya mtu mwingine.

Ni Glody huyohuyo aliyeniletea habari za Grâce. Alikuja saluni mwezi uliopita, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, akasema, "Maman Marie, kule kwetu iko matatizo." Akanieleza kwamba ukoo wa Elysée, mchumba wa Grâce, ulikuja kwako kujitambulisha vizuri kabisa, vinywaji vikanywewa, mpaka shangazi mmoja wa Elysée akakutambua. Ndipo ikajulikana kwamba Elysée ni mtoto wa kaka yake Peguy, yule mpiga mzinga wetu. Shangazi akasimama na kusema hawawezi kupeleka mahari kwa mwanamke aliyelala kwenye zamu mpaka ndugu yao akafa. Wamejipa hadi mwisho wa mwezi huu wakutane, watoe jibu la mwisho. Nilimuuliza Glody wewe ulisema nini. Akanijibu kwamba uliwaambia wasimwadhibu mtoto, kosa ni lako, ulilala.

Nilimwacha mteja na nusu kichwa, nikaenda chooni nikalia.

Jumapili iliyofuata kanisa letu lilikwenda kule Bluff kula pamoja, kwenye kile kilima kilichoingia baharini kando ya bandari. Kuna kuta za zege za vita vya zamani, zimeota majani. Mama mmoja mzungu, mzee sana, aliyekuwa akitembeza mbwa wake, alitueleza kwamba katika vita vile vya dunia wasichana walikaa juu pale kulinda anga, na kwamba mama yake alikuwa mmoja wao. Akacheka, akasema mama yake aliolewa na askari wa mizinga aliyekuwa chini ya kilima na ambaye kwa miezi sita alimjua kwa sauti ya simu tu. Wote wakapiga makofi. Mimi nikaweka sahani yangu chini. Térence akanishika mkono, akaniuliza nina nini. Nikamwambia, miaka ishirini na sita baada ya siku niliyopaswa kumwambia. Nilichomwambia siku ile ndicho ninachokuandikia sasa.

Nitaeleza kila kitu, hata yale unayoyajua, kwa sababu ule mshindo wa bomu ulikufutia wiki nzima kichwani na sitaki pabaki pengo.

Ilikuwa mwaka tisini na tisa, wakati wa vita. Uwanja wetu wa ndege ulikuwa na mzinga mmoja wa kutungulia ndege na haukuwa na mtambo wowote wa kuziona zikija. Basi kamanda akaja kwenye mazoezi ya kwaya ya parokia, akasikiliza nyimbo tatu, akachagua wasichana sita wenye masikio. Unakumbuka tulivyoringa? Mimi niliwekwa juu kilimani na simu ya kuzungusha kwa mkono, wewe ukawekwa chini kwenye shimo la mzinga na simu ya pili. Kazi yangu ilikuwa kusikia injini mapema, kukuimbia noti yake, na wewe unairudisha ili tujue laini ni nzima. Kisha natamka ni yetu au si yetu, na wewe unamwambia Peguy. Asubuhi tulipewa orodha ya ndege zetu za siku hiyo. Ndege isiyo kwenye orodha, hata ikiimba vizuri namna gani, ni ya kupigwa.

Peguy alikupenda, Deborah. Hilo sidhani mshindo uliweza kulifuta. Hakuwa na noti hata moja kooni, lakini aliimba makusudi nje ya noti ili ucheke, nami nikiwa kilimani nilikusikia kwenye simu ukicheka. Aliniambia siku moja, akiniletea chakula, kwamba vita vikiisha ataenda kwa baba yako.

Na mimi nilimpenda Térence. Alikuwa fundi anayeruka na ile ndege ya mizigo iliyotuletea chumvi na risasi. Kila ikitua alipanda kilima kunisalimia, mikono imejaa mafuta ya injini. Ndege yake niliijua kuliko sauti ya mama yangu. Iliimba noti ya fa, na injini ya kushoto ilishuka kidogo chini yake, kiasi kwamba mtu wa kwaya lazima akunje uso.

Asubuhi ile haikuwa kwenye orodha. Nilikuwa sijamwona kwa wiki tatu, na nilikuwa nimesikia kwamba ndege yao imepotea. Nikasikia fa, na injini ya kushoto inashuka. Moyo wangu ukaruka. Nilikupigia nikakuimbia, ukanirudishia. Nikakwambia ni yetu, ni Térence, mwacheni apite.

Haikuwa Térence. Térence alikuwa amelala na malaria katika mji mwingine, na ndege yake imeegeshwa nje. Upande wa pili nao walikuwa na ndege ya aina ileile, imechoka vilevile. Walifungua mlango wa nyuma wakasukuma mabomu kwa mikono. Moja liliangukia ukingo wa shimo lenu. Peguy alikufa palepale na wenzake wawili. Wewe ulitolewa damu ikitoka masikioni.

Lakini hilo bado ni kosa, Deborah, na makosa watu hufanya. Dhambi yangu ilikuja mchana. Kamanda alipanda kilimani akaniuliza kwa nini mzinga haukulia. Niliwatazama askari wake, nikaogopa. Nikasema nilipiga simu mara tatu na hakuna aliyepokea. Akaenda kwako hospitalini akakuuliza kama ulilala. Ulikuwa husikii kitu, ukatikisa kichwa tu kukubali. Basi ikaandikwa hivyo, ukafukuzwa, na mimi nikaachwa na cheo changu. Nilikuja kukutembelea na machungwa. Ukaniambia huku unalia kwamba hukumbuki lolote, labda kweli ulilala. Nilikumenyea chungwa, nikanyamaza.

Nimenyamaza hadi leo. Nimeolewa na Térence, nimezaa, nimeimba kanisani. Nikuombe msamaha kwa maneno gani?

Siku ya tatu Térence alitoa karatasi hizi mezani, akasema hakuniomba nimpende hivyo, na kwamba kama mimi sitaandika, ataandika yeye. Ameisoma, na ataweka jina lake chini ya langu kama shahidi.

Ukishaisoma, wasomee ukoo wa Elysée, shangazi akiwepo. Wasomee yote, usiruke. Mimi mwenyewe napanda basi la wiki ijayo ili nifike kabla ya kikao chao, nisimame mbele yao na waniulize wanachotaka. Ukiona sifai kuingia kwako, mwambie Grâce aniletee kiti nje ya geti, nitakaa hapo. Wakiamua mtu wa kukataliwa, wanikatae mimi, si mtoto wako. Msalimie Grâce, umwambie shangazi yake wa kilimani anamwombea harusi. Salamu pia kwa wanakwaya wote waliobaki.

Nilitaka kumalizia hapo, lakini kuna jambo moja nililolificha hata kwa Térence mpaka jana, na hilo ni lako, si la ukoo wa mtu. Siku ile ulipokea simu kabla sijamaliza kuzungusha. Uliniimbia fa yako safi kabisa. Nilipokwambia ni yetu, ulisema, "Marie, hii haiko ku liste. Uko na hakika?" Ukaniuliza mara mbili. Nikakujibu mara mbili kwamba nina hakika.

Hukulala, Deborah.

Mimi wako wa sauti ya kwanza,
Marie-Claire

Nimesoma, ni kweli: Térence