Ugali wa Mama Mkwe

Mjukuu wangu Yohana,

Barua hii naiandika mwenyewe, sijamwomba mwalimu. Hapa Mkwajuni sote wazima, ila mvua na upepo wa ziwa vimenichosha kabisa. Mmefungiwa shuleni wiki moja tu kwa ajili ya ndui, tayari unalalamikia uji ulioungua na kuniuliza mimi niliwezaje. Mimi nilipougua ndui nilitengwa porini mwezi mzima, sikulia. Dhoruba ikang'oa paa la kibanda changu, nikakaa mvuani siku mbili bila chakula. Akaja mama mkwe na ugali. Kwa mila yetu hatutazamani, kwa hiyo nikafunika uso, nikamfukuza.

Akasema, "Mkwe, mimi ndui niliugua zamani, hainirudii. Ukifa, hiyo heshima utampa nani?"

Nikala, nimempa mgongo. Alifariki bila kusikia asante yangu. Wewe mshukuru mpishi wenu, hata kama uji umeungua.

Babu yako