Behewa Lisilo na Watu

Jumatatu, 4 Agosti

Assalaam alaikum, daftari. Hujambo? Mimi mzima, alhamdulillah, ila mgongo. Najua daftari halina afya ya kuulizwa. Lakini kuandika nilifundishwa kwa barua, darasa la tano, na bila salamu mkono wangu hauendi.

Leo nimeziba pancha sita, nimenyoosha rimu moja. Vumbi la Ujiji limejaa kooni. Baada ya alasiri niliweka pembeni baiskeli za watu, nikashusha treni kutoka rafuni. Injini, mabehewa matatu ya mizigo, tangi la mafuta, na behewa la abiria la daraja la tatu. Zote za bati la makopo, ekseli za spoku, magurudumu ya vifuniko vya chupa za dawa. Kipimo ni kimoja tangu mwanzo: futi nne za treni ya kweli ni inchi moja ya bati. Tulikwenda kupima stesheni kwa kamba, mimi na Gadi. Mwaka wa tisa huu tunajenga.

Sasa wiki ya tatu Gadi haji. Jina lake Yohana, ila mji mzima unamwita Gadi kwa sababu alikuwa gadi wa treni mpaka alipostaafu. Alichonga watu kumi na mmoja kwa mbao laini, akawapaka rangi, macho, midomo, akawaketisha behewani bila kuniambia. Mimi sitengenezi sanamu za wenye roho. Anajua. Niliwang'oa kwa koleo, nikawachoma pamoja na takataka. Alipokuja akachungulia dirishani mwa behewa. Akavaa kofia yake. Akaondoka bila kuaga.

Nimemkasirikia. Na banda halikaliki bila yeye.

Jumatano, 6 Agosti

Neema amekuja, binti yake Gadi. Ameleta baiskeli ya baba yake niikague kabla hawajaigawa. Kuigawa kwa nini? Wanahama. Jumapili ya tarehe 17 anamchukua mzee kwenda naye Tabora, moja kwa moja. Tangu mama yake afariki, mzee anakula mara moja kwa siku.

Nikamwambia mwambie baba yako aache hasira za wanasesere. Neema akashika usukani wa baiskeli, akaniangalia.

"Baba mdogo, yule wa dirishani alikuwa mama."

Nikamkumbuka. Kitenge cha kijani. Wengine wote walipakwa viatu vyeusi, yeye miguu mitupu. Nilidhani Gadi aliishiwa rangi.

Hadithi yenyewe naijua, nimeisikia mara mia. Gadi akiwa kijana anapita kukagua behewa. Binti mmoja wa Simbo anapeleka migebuka mikavu Tabora. Kavua ndala, kaziacha njiani katikati ya viti. Gadi akajikwaa, akaangukia magunia yake ya samaki. Binti akasema, "Pole, lakini tiketi ninayo." Baada ya miezi mitano wakaoana.

Nimemchoma mke wa mtu. Astaghfirullah.

Alhamisi, 7 Agosti

Chakula nimekiacha sahanini. Mke wangu, Mama Zuhura, kaniuliza kulikoni, nikamweleza yote. Alipepeta mchele mpaka wa ungoni ukaisha ndipo akasema, "Ungemuuliza kwanza."

Basi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, wateja hakuna. Baada ya swala nilimsubiri sheikh mlangoni. Nisiseme uongo humu: nilitaka aniambie nilifanya sawa. Akasema kwenye sanamu nimeshika nilichofundishwa, hana neno. Kisha akauliza zilikuwa za nani. Nikasema za rafiki yangu.

"Sasa hili la kuchoma mali ya mtu bila kumwambia, ulilisoma chuo gani?"

Akanikumbusha kwamba haki ya mtu haifutwi kwa tasbihi. Lazima mwenyewe asamehe kwa mdomo wake.

Zimebaki siku tisa.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepanda bodaboda mpaka Gungu, nyumbani kwa Gadi. Nikakaa kwenye ngazi yao mpaka wakarudi kanisani. Gadi kakonda. Shati la Jumapili linamning'inia.

"Shikamoo, Gadi."

"Marahaba." Akawageukia majirani. "Mwoneni Mmanyema huyu wa Ujiji. Anaogopa wanasesere wasije wakamwomba nauli."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, maana yeye Muha na utani wetu ni wa miaka. Kisha nikaona kuwa yeye hacheki. Nikamwambia pale pale, mbele yao, nimekosa, sikujua ni nani, nisamehe.

"Nimesikia," akasema. Akaingia ndani.

Nimesikia si nimesamehe. Chai sikuitiwa. Nyumba ile, ambayo mwenye nyumba alikuwa akinikasirikia nikikataa kikombe cha tatu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilishika kipande cha mbao na kisu. Nikaviweka chini. Nikavishika tena. Siwezi. Hata kwa ajili yake siwezi kumchonga. Ningekuwa mwongo mbele ya Mungu, na Gadi angeujua uongo wangu kwa kuutazama tu.

Na kumwacha aondoke hivi pia siwezi.

Jumanne, 12 Agosti

Nimechelewa adhuhuri. Mlangoni mwa msikiti, kabla sijaingia, macho yakaanguka kwenye viatu. Katambuga za muuza mkaa. Ndala za mwalimu, moja ya bluu, moja nyekundu. Raba za fundi redio, visigino vimekanyagwa. Sijamwona mtu hata mmoja, lakini nilijua wote waliomo ndani.

Namwomba Mungu anisamehe, swala yangu ya leo ilikuwa na treni ndani yake.

Jioni nikaanza. Kiatu cha inchi kumi, kwa kipimo chetu, ni urefu wa punje ya mchele. Nikamwomba Mama Zuhura punje moja. Akaniletea mbili. "Yeye alikuwa na miguu miwili," akasema.

Alhamisi, 14 Agosti

Kazi ngumu kuliko injini. Ndala za kwanza nilizikata kwa mpira wa tairi, zikawa nene kama buti za askari. Nikatupa. Za pili kwa mpira wa tyubu, kamba zake uzi wa cherehani. Nikazipata.

Sehemu za wale kumi na mmoja nimezijaza zote kwa vitu vyao; baadhi ni hivi. Dumu la mawese la bati, nimelipaka wekundu. Tenga la nyuzi za katani. Kofia ya Kiislamu juu ya msumari, na chini yake msala uliokunjwa. Mkongojo. Khanga imefungwa kama mbeleko, imewekwa kitini. Nilimpigia simu Neema, akanitumia kwa bodaboda kipande cha kitenge cha mama yake, cha kijani. Nimekikunja kikatoshea kiti cha dirishani. Kando, gunia la migebuka. Chini ya kiti, ndala, zimepangwa sawasawa.

Kidole kimeungua kwa kulehemu. Naogopa. Huenda akaona nimemfanyia mchezo mara ya pili.

Jumamosi, 16 Agosti

Gungu tena. Nyumba tupu, maboksi yamefungwa kamba. Gadi kakaa juu ya moja. Nikaweka behewa mbele yake, nikasimama mbali kidogo kama mtu aliyeleta barua ya msiba.

Akalinyanyua. Akaligeuza dirisha baada ya dirisha, taratibu. Gadi wa zamani, anakagua.

"Watu wako wapi?"

"Wamo," nikasema.

Akafika dirisha la kitenge. Akalisogeza karibu na macho. Neema alikuwa anafunga godoro, na yeye mikono ikasimama.

Kisha Gadi akaomba njiti ya kiberiti. Nikadhani anataka kulichoma. Wallahi nilidhani hivyo, na nisingemzuia. Akaipenyeza njiti mlangoni mwa behewa, kule ndani chini ya kiti. Gundi ya ndala ilikuwa bado mbichi, niliirudia asubuhi ile. Akazisukuma ndala, moja, halafu nyingine, mpaka njiani katikati ya viti. Moja ikageuka kifudifudi. Akaiacha hivyo.

"Angezipanga vizuri kama wewe," akasema, "nisingeoa."

Alikuwa analia na hakujificha. Mimi pia.

"Nimeshakusamehe. Neema, sufuria umeifunga boksi gani? Mpe baba yako mdogo chai."

Nimekunywa vikombe vitatu.

Jumapili, 17 Agosti

Stesheni. Nilimwambia behewa ni lake, asibishane. Kalipakata, kalifunga kwa kitenge cha mkewe, kile nilichokatiwa kipande. Filimbi ilipopigwa, Gadi akatazama saa yake, akatikisa kichwa. Wamechelewa, akasema. Kwa furaha.

Nilirudi Ujiji kwa miguu.

Jumatano, 20 Agosti

Pancha nne. Upepo wa ziwa leo umetulia.

Treni imekaa rafuni. Nyuma ya tangi la mafuta ndoano iko wazi, haijashika kitu. Nimeitia mafuta isishike kutu.

Nimekata bati jipya, sijalikunja. Nimemtumia Gadi ujumbe, naunakili hapa:

"Shikamoo Gadi. Mwaonaje hali, wewe na Neema? Unakula? Sisi wazima, Mama Zuhura anakusalimu. Nataka kuanza behewa la pili, ila upana wa mlango tulioupima siku ile nimeupoteza. Nenda stesheni ya hapo na kamba, unipimie. Naomba unijibu mapema, bati liko mezani."