Mjukuu Wako Hana Nguo, Dada Minza

Dada Minza, shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nisiposema nitajisikia vibaya.

Huko uliko sijui kama habari zinafika, kwa hiyo nianze na hii: mdogo wako sasa ni mtu mkubwa. Kuanzia Kamanga mpaka Nyegezi hakuna asiyenijua. Pale kivukoni hakuna mzigo unaopanda bila mimi kuutazama, na nikichelewa, kivuko kinazima injini kinanisubiri. Juzi mheshimiwa mmoja mwenye suti alishuka kwenye gari lake, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mzee Shija, bila wewe Sengerema wangelala njaa." Mashahidi wapo. Ila wamesafiri.

Sasa mtu mkubwa kama huyo amekaa kwenye benchi nje ya wodi ya watoto njiti, na hata hii peni nimeazima kwa mlinzi.

Kabula wako amejifungua, dada. Mtoto wa kike. Amekuja kabla ya wakati wake, ni mdogo, yaani mdogo, mguu wake ni kama kidole changu hiki cha mwisho. Kabula mwenyewe presha ilipanda, wakampasua, na mpaka sasa hajafumbua macho akanitambua. Na mtoto alikuja hana nguo hata moja. Kosa ni langu. Ngoja nikueleze halafu unigombeze, maana tangu umeondoka hakuna anayejua kunigombeza vizuri.

Unalikumbuka lile furushi. Kabula alipoanza kubanwa na vifulana vyake vya uchanga, ulivifua, ukavianika, ukavifunga kwenye kanga, ukampelekea Mama Rehema jirani yako, alikuwa na mimba ya Rehema. Ukamwambia, "Usinunue hata soksi. Hela ya nguo weka ya maziwa." Basi likaanza kuzunguka Butimba nzima. Anayelipokea anafua, anaongeza kitu kimoja, na wake akishakua analipeleka kwa mwenye mimba mwingine. Na likishaingia nyumba ya mtu, halidaiwi. Mtoto havuliwi.

Sasa Kabula alipofikisha miezi saba, Mama Rehema akaja nalo kichwani. Kabula alikuwa amekaa kwenye kochi lako, miguu imevimba. (Yule kijana aliyempa mimba simu yake haipatikani, usiniulize zaidi.) Mimi nikasimama mlangoni, nikasema, "Mama Rehema, geuka nalo. Mtoto wa Kabula ana mjomba. Atavaa vipya, vinatoka Ulaya kwa meli."

Mama Rehema akanitazama kuanzia viatu. "Meli gani hiyo, Meneja?"

Majirani walikuwa wanasikiliza, dada. Ningesema nini? Nikasema imeshang'oa nanga.

Tangu umefariki wananiangalia kama mpangaji kwenye nyumba yako. Nilitaka siku moja waone.

Furushi likaenda Nyegezi, kwa mwanamke aliyekuwa amekaribia kujifungua. Kabula alilisindikiza kwa macho. Nilidhani amefurahi. Tulipokuwa tunakula ndio akasema, hata hakuniangalia, "Mjomba, lile lilikuwa la mama." Hilo tu.

Nikaenda dukani kutazama vipya. Nikaambiwa bei, nikatoka nje nikijifanya napokea simu. Nikaishia mitumbani. Jamaa mmoja alikuwa na belo ndogo bado imefungwa, akaniambia, "Mzee, humu ni nguo ndogo ndogo tupu, sufu safi. Chukua hivyo hivyo, nikiifungua bei inapanda." Nikamwambia kijana, mimi belo nazijua kwa kunusa tu. Nikainusa. Nikalipa.

Visweta vizuri, dada, laini, vina vifungo. Ila kila kimoja kina mikono minne, na nyuma kina tundu. Nikamweleza Kabula kwamba watoto wa Kizungu huanza kutambaa mapema sana. Akakishika kimoja, akakigeuza, akakigeuza tena. "Mjomba, hizi ni nguo za mbwa."

Akacheka. Kicheko chako kile cha kujishika ubavu. Nikacheka na mimi. Akacheka mpaka akalia, halafu kulia kukagoma kukoma. Akasema kichwa kinamuuma, anaona kama vimulimuli vinamwekamweka machoni. Mimi nikadhani ni hasira za mimba. Nikamwambia alale, atapoa.

Asubuhi hakuweza kusimama.

Ningejuaje, dada? Wewe ungejua. Wewe ungeitazama ile miguu tu ukajua.

Hospitali nesi akaja na haraka zake: "Baba, nguo za mtoto." Nikatoa nilichokuwa nacho kwenye mfuko. Akakikunjua, akaniangalia. "Hii ni nini?" Nikasema ndio fasheni ya sasa. Hakucheka. Akasema, "Mtoto wa namna hii baridi inamuua. Nataka kofia, soksi na kanga laini. Sasa hivi."

Nikakimbia mpaka kwa Mama Rehema. Alikuwa uani anachambua dagaa. "Karibu, Meneja! Meli imefika?" Nikapiga magoti, dada, palepale juu ya dagaa zake. Mdomo ukagoma, mimi huyu. Akanitazama, akaacha utani. Akasema tu, "Kabula?" Akachukua mtandio wake.

Tukaenda Nyegezi. Yule mwanamke mtoto wake alikuwa amelala, kavaa ile kofia ya njano uliyoifuma wewe. Mama Rehema akamweleza. Mimi nilikuwa natazama chini, nilijua jibu, mtoto havuliwi. Yule mama akamwinamia mtoto. Akaivua mwenyewe, polepole, asimwamshe. Akamvua na soksi. Akatafuta kanga iliyochakaa kuliko zote, ile laini. "Wangu ana minofu," akasema. "Huyo hana. Kimbieni."

Sasa kofia amevalishwa, ila inamfunika mpaka pua, wameikunja. Na nesi anasema nguo peke yake hazitoshi, lazima akae kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Kabula hawezi. Mama Rehema ndiye yuko ndani, amemfunga kifuani kwa kanga ile. Daktari amepita akasema tusubiri. Tusubiri nini, hakusema.

Dada, mimi sijawahi kukuomba kitu zaidi ya chakula. Leo naomba. Kabula usimwite. Najua unamkumbuka, najua huko pengine huna wa kukusuka nywele, lakini usimwite. Na huyu mdogo mwache. Hata uji hajaonja. Hata jina hatujampa, naogopa kumpa.

Wakitoka hapa, wote wawili, furushi nitalifua mimi. Pale bombani, wanawake wakinitazama na wakinicheka. Nitaongeza kitu kimoja, kipya au cha mtumba, ila nitakifungua kwanza nikione. Na mwenye mimba akitokea, nitalibeba kichwani mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Nakuahidi kwa kaburi lako, na nyasi zake nitakuja kuzing'oa, nilichelewa.

Pumzika, dada yangu.

Halafu kuna kajambo kadogo, sijamwambia mtu. Yule nesi alinifuata mimi kwanza. Alisema, "Mjomba, wewe ndiye ndugu, vua shati ukae hapa tukuwekee mtoto." Nikamwambia nina kikohozi. Nikakohoa pale, nikakohoa, mpaka akaniletea maji.

Sina kikohozi, dada. Niliogopa kumshika.