Bahari Imerudi Machi

Jumanne, umeme umerudi

Umeme nao ukachagua kukatika wakati kompyuta inahifadhi kazi. Faili likabaki nusu. Modeli yangu ya mikondo ya Bahari ya Hindi, inayoiga bahari ya mwaka mzima mwezi kwa mwezi, iliyokwenda wiki nzima mpaka ikafika Agosti, ikagoma kuendelea.

Mama, aliyeshuka kutoka Mgeta kunisalimia, alinikuta nimeshika kichwa. "Umefiwa?"

"Bahari yangu imepotea, Mama. Iliyobaki ni nakala ya Machi."

"Kwani Machi ina ubaya gani?"

Nikaianzisha upya kutoka Machi, nikakaa kuitazama bila kula. Naogopa haitafika Desemba kabla sijaonana na msimamizi wa tasnifu.

Jioni Mama akaleta ugali na mchicha. "Imefika wapi?"

"Aprili."

"Basi Kwaresima imekwisha. Kula."