Hati Niliyomwandikia Tigiri

Bunia, Ijumaa asubuhi

Kwa Marehemu Docteur Gaspard,
mganga wa mifugo na mwalimu wangu

Yahusu: kifo cha mbwa wako, na kosa la mwanafunzi wako

Docteur,

Kwa heshima ile ile niliyokupa ulipokuwa hai, naja mbele yako kukujulisha kwamba Tigiri amekufa. Nilikuwa nimeitangulizia sentensi hiyo maneno mengine mengi, nikayafuta yote. Alikufa Jumamosi ya juma lililotangulia juma hili, juu ya saruji ya baraza yako, kichwa chake kikiwa kwenye kandambili za mkeo. Hakuna mtu aliyempa sumu. Aliugua, akaletwa kwangu, nami nikamrudisha nyumbani na karatasi.

Nalazimika kukuandikia leo kwa sababu saa tisa mchana tunatakiwa kufika mbele ya chefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Huko nitasimama nisome barua ya mashtaka dhidi ya jirani yako mpya, kwamba ndiye aliyemuua Tigiri. Barua hiyo niliiandika mimi. Ni barua nzuri, Docteur. Haina kosa hata moja la lugha, na kila neno lililomo ni uongo.

Naomba niruhusiwe kueleza kwa utaratibu.

Tangu tulipokuzika, mambo hayakusimama vizuri. Hatukuweza kukupeleka kwenu Fataki kama ulivyotaka. Njia haikuwa salama, ndugu zako wakasema tungoje, kisha wakaacha kusema. Umelazwa hapa Bunia, katikati ya watu usiowajua. Kliniki yako, hapa uani mwenu, ingali inafunguliwa. Nafagia, nafungua dirisha la upande wa hadubini ili kioo chake kipate mwanga wa jua, naketi. Friji ilizimika mwezi mmoja baada yako, dawa zilizokuwamo nikazitupa. Watu wananiletea kuku, mbuzi, na mara chache mbwa wa kuchanja. Wananiita Docteur. Mwanzoni niliwasahihisha, nikawaambia kwamba mimi ni msaidizi tu, mtu wa maandishi. Halafu nikaacha kuwasahihisha. Naliandika hilo hapa kwa sababu linahusika.

Unakumbuka uliponiokota. Nilikuwa na meza yangu mbele ya ofisi ya serikali ya komini, nikiwaandikia watu maombi yao. Shule niliiacha darasa la sita. Yaliyobaki nilijifunza peke yangu, kwa radio na kwa vitabu vya misheni vilivyokosa majalada. Ulisoma ombi nililokuwa nikimwandikia mama mmoja, ukacheka mpaka ukavua miwani. Ukasema, "Deo, hapa uko naomba karatasi ya kuzaliwa ya mutoto, ao uko naomba kuingia mbinguni?" Siku ya pili yake ulinichukua nikuandikie ripoti zako. Baada ya mwaka ukaniweka mbele ya hadubini, ukaniambia niangalie.

Mtu yeyote asiyekuwa wewe angeniachia kalamu tu. Wewe ulinifundisha damu. Ulinionyesha jinsi ya kulibana tone kati ya vioo viwili na kulivuta liwe jembamba kama ulimi wa moto, jinsi ya kulitia rangi, na jinsi ya kungoja. Ulinifundisha kwamba mnyama hawezi kusema wapi panauma, lakini damu yake inabeba alama: chembe nyeupe zinapanda, ini linatoa protini zake, na hayo yote yanatokea kabla mwenye mbwa hajaona lolote. Ukanionya kuhusu hesabu. "Nyeupe zikiwa mingi, ogopa. Zikiwa kidogo, ogopa zaidi. Zikiwa sawasawa, usifurahi, angalia sura yao." Kwa maana hesabu inaweza kuonekana njema wakati chembe zinakufa upesi kama zinavyozaliwa. Ndipo mwili unapotoa zile changa, ambazo kiini chake bado ni utepe mmoja uliopinda, hakijakatika vipande. Ulizungusha hadubini upande wangu ukasema, "Ona. Bakubwa bameisha, sasa banatuma batoto. Ukiona batoto banaingia mu vita, Deo, ile vita iko mubaya." Hukucheka uliposema hivyo. Mimi pia sikucheka. Sisi wa Ituri hatuhitaji kufafanuliwa maneno hayo.

Nilijua, basi. Nataka ieleweke kwamba nilijua.

Mkeo, Mama Furaha, alinijia Jumatano ya juma lile. Akasema, "Deo, Tigiri iko nakunywa maji sana. Ndoo muzima! Na bugali inaacha." Unajua jinsi alivyompenda mbwa yule. Ulimtoa Fataki ndani ya koti lako siku mlipokimbia, akiwa mdogo kama kiatu, na katika nyumba yenu hakuna kitu kingine kilichotoka huko kikiwa hai. Tigiri aliingia kliniki polepole, akalala chini ya kiti chako. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa amemaliza siku zake za joto, zile za kutaka dume. Mama Furaha alinitajia hilo. Nikalisikia kama mtu anavyosikia mvua ya mtaa mwingine.

Nilimtoa damu mguu wa mbele. Nilihesabu chembe nyeupe: zikawa ndani ya mipaka uliyoiandika ukutani kwa mkono wako. Nilivuta tone kwenye kioo, nikaliacha likauke, nikisema nitalitia rangi baadaye. Kisha nikafungua boksi. Rafiki yangu anayefanya kazi katika maabara ya kituo kimoja cha afya alikuwa amenipa vipimo vya haraka vya CRP, ile protini ambayo ini hutoa mwili unapopambana na ugonjwa. Unadondosha damu, unangoja dakika chache, mistari inatokea kwenye kidirisha. Ni vipimo vya binadamu. Karatasi iliyomo ndani ya boksi ilisema kwa Kifaransa kwamba ni kwa damu ya mtu. Niliisoma. Mimi husoma kila karatasi, na ndilo jambo ninalojivunia. Nikawaza kwamba ikiwa mbwa ana protini hiyo na mtu anayo, na jina lake ni hilo hilo, basi kipimo kitaitambua. Hakikuitambua. Ulitokea mstari mmoja, ule unaothibitisha tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Wa pili haukuja.

Nilifurahi, Docteur. Nilifurahi kama mtu aliyejibiwa na ofisi kubwa. Sikumgusa tumbo. Mara ngapi ulinitoa mezani kwa kunivuta shati: "Deo, mbwa haisomwake kama karatasi! Muguse kwanza." Vidole vyangu viwili tu vingetosha. Badala yake nilichukua karatasi safi, nikaandika: *Mimi niliyetia sahihi hapa chini nathibitisha ya kwamba mbwa jike aitwaye Tigiri, baada ya kupimwa damu kwa vipimo viwili tofauti, hana dalili yoyote ya uambukizo wala ya uvimbe wa ndani.* Nikapiga muhuri wako. Nikampa dawa ya minyoo. Mama Furaha akaikunja karatasi ile ndani ya plastiki, pamoja na kadi za ubatizo za watoto.

Jumamosi alikuwa amekufa, na matapishi yenye povu mdomoni.

Niliomba ruhusa ya kumzika mimi. Nilimbeba begani ndani ya gunia, nikamleta hapa, nikamlaza juu ya meza yako, nikamfungua. Mji wa mimba ulikuwa mnene kama mkono wangu, umejaa usaha, mlango wake umefungwa kabisa ndiyo maana hakuna kilichotoka nje kikamwonya mtu. Ni ugonjwa uliokuwa ukiutibu kwa kisu, kwenye meza hiyo hiyo, na wagonjwa wako wengi walirudi nyumbani kwa miguu yao. Mimi kisu sikijui. Lakini ningejua mapema, yule daktari wa Mahagi uliyesoma naye angeweza kuja. Jumatano hadi Jumamosi zilikuwapo siku. Nilimshona kwa uzi mzuri, nikamzika nyuma ya tangi la maji.

Halafu ndipo nilipokitia rangi kile kioo. Usiniulize kwa nini wakati ule. Niliketi nikaangalia. Docteur, walikuwa wamejaa. Utepe mmoja uliopinda, mwingine, mwingine, kila mahali nilipousogeza mwanga, na mwili wa chembe zenyewe umechafuka samawati kama ulivyonionyesha. Batoto tupu. Walikuwa pale tangu Jumatano, wamekauka kwenye kioo, hatua mbili kutoka mahali nilipokaa nikitunga hati.

Ilinipasa kwenda siku ile ile kumwambia Mama Furaha. Nilikwenda. Nilimkuta amezungukwa na wanawake, hati yangu mkononi, akiisoma kwa sauti. "Muone! Deo alipima damu mara mbili. Ile mbwa ilikuwa muzima. Njo mutu, ni mutu tu, aliipatia sumu." Na mtu mwenyewe alikuwa ameshapatikana. Ni Saidi, mchimbaji wa dhahabu aliyehama kutoka Kilo akapanga nyumba ya pili kutoka kwenu. Tigiri alimbwekea kila alipopita, naye siku moja alisema kwa mzaha, watu wakisikia, "Iyi mbwa! Siku moja itanyamaza." Basi. Mtu mgeni, asiye na ndugu hapa, na sentensi moja. Ikanitosha kunyamaza. Mkeo alinishika mikono yote miwili akasema, "Andikia chefu bien, muzuri kabisa, Deo. Utie na ile maneno yako ya nguvu." Nikaandika. Niliketi kwenye kiti chako nikaandika kurasa mbili, nikaiambatanisha hati kama ushahidi.

Sina maelezo mengine isipokuwa woga. Niliogopa uso wake. Niliogopa kurudi kwenye meza yangu mbele ya komini na kuitwa tena Deo tu.

Tangu hapo Saidi anarushiwa mawe kwenye mabati. Tairi za pikipiki yake zimekatwa. Mwenye nyumba amemwambia ahame. Vijana wa kartie wanazungumza mambo ambayo wewe na mimi tumeshayaona yakianza hivi hivi, kwa mtu mmoja, kwa jambo dogo. Na jana alikuja hapa. Alibaki mlangoni, amevua kofia, na kwa muda nilidhani amekuja kunipiga. Akasema, "Papa Deo, weye iko na mashine ya kuangaliaka damu. Angalia ile damu ya mbwa. Kama ni miye, itasema. Kama haiko miye, itasema pia."

Nilimjibu kwamba nitaangalia. Ndivyo nilivyomjibu, Docteur. Kioo kilikuwa mbele yangu.

Alinishukuru. Akauliza kama mke wako anakula. Akaenda zake.

Sijala tangu jana. Nimejaribu kuomba, lakini sala zangu zinatoka zikiwa na vichwa vya habari na mafungu, nami mwenyewe nazichukia. Sioni namna jambo hili litakavyoisha vizuri. Nikisema, Mama Furaha atakosa mtu wa mwisho aliyemwamini katika kazi yako, na mbwa wake atakufa mara ya pili, safari hii mikononi mwangu. Kliniki itafungwa, na ni haki ifungwe. Nisiposema, sijui kama Saidi atafika Jumapili. Na hata nikisema, huenda wasiniamini: wameshapata mtu wao, na hati ina sahihi. Natafuta mahali ambapo ungeweka mkono wako begani mwangu uniambie la kufanya, na mahali hapo hapapo. Nalijua la kufanya. Ndilo linaloniumiza.

Sauti ya Mama Furaha nimeisikia sasa hivi uani. Ameamka, anaosha masufuria. Anajua niko hapa. Ameniita mara moja: "Deo, barua iko tayari?" Nimeitikia kwamba iko tayari.

Sitaisoma. Naichana hapa mbele yako, vipande vinne, ukisikia. Namwendea mkeo kwanza, kabla ya chefu, kwa sababu ni haki yake alisikie uani kwake, asilisikie mbele ya umati. Nitamwambia kwa lugha anayozungumza nyumbani kwake, bila pambo lolote. Nimejaribu hapa peke yangu, kwa sauti, na sentensi ni fupi mno kuliko nilivyozoea: *Mama, Tigiri ilikuwa na usaha mu tumbo. Sikumugusa. Haiko Saidi, njo miye.*

Sikuombi msamaha, kwa kuwa si wewe peke yako uliyekosewa, na walio hai wanatangulia. Upumzike, mwalimu wangu, mbali na Fataki yako. Nakuahidi jambo moja tu, maana ahadi zangu nyingine zimepoteza thamani: kabla ya saa tisa ya leo Saidi atajua kwamba hakuna alichoua, na mkeo atajua jina la aliyeshindwa kunyoosha vidole viwili. Kama atanitaka nimfunulie mbwa wake alipolala, nitachukua jembe.

Nainuka sasa.

Deogratias