Alivyokataa Injinia Heritier: Maelezo ya Mama Yake Kuhusu Jengo la Bukoto

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Bukoto, Kampala. Tarehe 17 Machi 2026, saa nne asubuhi.

Jina: Julienne Nabintu, anayeitwa Mama Heritier
Umri: Miaka 56
Kazi: Muuza vitenge, soko la Nateete
Makazi: Nateete. Mzaliwa wa Bukavu, Kongo
Elimu: Darasa la sita

Ninaeleza kwa hiari yangu, mbele ya Koplo Okwir, kama ifuatavyo:

Marehemu Heritier ni mtoto wangu wa kwanza. Afande ameniambia niseme "alikuwa". Nitajaribu.

Alikuwa injinia wa majengo. Nilimsomesha kwa vitenge, maana tulifika Kampala hatuna hata sufuria, na pale Nateete hakuna mama mwingine mwenye mtoto kama huyo. Afande anaweza kwenda kuuliza. Alikuwa anafanya hesabu za majengo kwa kompyuta ya kwantamu. Kompyuta yenyewe haiko Uganda. Iko ng'ambo, ndani ya baridi inayopita friji zote za Kampala, naye alikuwa anaipelekea hesabu kwa intaneti akiwa amekaa kwenye kiti changu cha plastiki.

Alinieleza hivi: jengo lina maswali ambayo majibu yake hayahesabiki. Nguzo ikae wapi, chuma kiwe kiasi gani, kazi ipi itangulie. Kompyuta za kawaida zinachoka kuyatafuta. Hii mpya siku moja inaweza kuyachambua kwa njia yake, watu wakajenga nyumba imara kwa saruji kidogo, hata kule Bwaise kwenye mafuriko. Yeye alisema "siku moja". Mimi nikiwasimulia watu nilikuwa naliruka neno hilo. Nilikuwa nasema mtoto wangu ana kompyuta isiyokosea.

Bwana Ogutu ndiye kontrakta wa jengo la Bukoto lililoanguka, na Heritier alikuwa injinia wake. Wiki ile lilipoanguka, Heritier alikuwa ameijaribu kompyuta kwa swali la miti inayoshikilia zege: zege likishakomaa, mti gani utolewe kwanza na upi ufuate, ili kazi iende mbio bila hatari. Jibu lilikuja kama picha yenye namba. Alimtumia bwana Ogutu kwenye simu ili aione. Siku hiyo alifurahi, akala sahani mbili.

Mnamo tarehe 14 Machi 2026, Jumamosi, saa saba mchana hivi, nilifika sayiti na fufu na sombe ya Heritier, kwa sababu chakula cha pale kilikuwa kinamuumiza tumbo. Nilikuta vijana wanapakia miti kwenye pikapu. Dady, mkubwa wa mafundi, Mkongomani mwenzetu, alikuwa chini ya zege la ghorofa ya pili na nyundo, anagonga miti itoke.

Akaniita, "Mama Injinia! Leo umetukumbuka na sisi?"

Nikamjibu, "Wewe oa, uletewe chakula."

Tukacheka. Nikamuuliza miti inakwenda wapi. Akasema inakwenda sayiti nyingine ya bosi, na kwamba wanaitoa kwa kufuata picha ya kompyuta ya Heritier. Moyo wangu ulifurahi kusikia hivyo.

Heritier akafika kwa boda. Hakunisalimu. Alimwendea bwana Ogutu moja kwa moja. Nilikuwa karibu, nikasikia yote.

"Bosi, nani amesema miti itolewe?"

"Ni wewe. Ile picha si yako?"

"Ile ni ya majaribio. Na kompyuta niliiambia zege limekomaa. Hili halijamaliza hata wiki mbili, na limenyeshewa. Kompyuta haijui mvua ya Bukoto, inajua nilichoiambia mimi."

"Injinia, mwezi mzima unatuhubiria kwantamu. Leo umeikana?"

"Sijaikana. Jibu ni zuri kwa swali lile. Hili letu ni swali lingine. Rudisheni miti."

Kijana mmoja akasema injinia ameingiwa na woga. Wakamcheka. Hapo bwana Ogutu akanigeukia mimi.

"Mama, si wewe unayetuambia kila siku kwamba kompyuta ya huyu haikosei?"

Niliona mtoto wangu anachekwa. Nikasema, "Ndiyo, haikosei. Mwanangu anaijua kazi yake." Nilidhani ninamtetea.

Heritier akasema, na wote walimsikia: "Hapana, mama. Hujui unachosema. Nyamaza."

Kisha akapaza sauti, "Dady, toka huko!" Bwana Ogutu akasema, "Dady, maliza kazi." Dady akaendelea kugonga. Heritier akakimbia akaingia chini ya zege, akamshika Dady mkono, akamsukuma nje. Dady akaangukia kwenye mchanga. Mti mmoja ukalia, halafu zege lote likashuka. Vumbi lilifika mpaka barabarani. Nilimwita. Niliendelea kumwita mpaka watu wakanishika.

Walimtoa saa kumi na moja jioni. Mimi ndiye niliyemtambua.

Nimesikia bwana Ogutu ameandikisha kwamba jengo limeangushwa na hesabu za Heritier, na kwamba Heritier mwenyewe aliruhusu miti itolewe. Wenzangu wa kanisani wameniambia nisiseme nilivyojibu pale, nitajiaibisha bure. Lakini nikiliacha jibu langu, hakuna atakayejua Heritier alikataa kiasi gani. Huyu ni mtoto ambaye tangu nimzae hajawahi kunijibu vibaya. Kwetu mtoto hamwambii mama yake anyamaze mbele za watu, naye alilijua hilo kuliko wote, nilimlea mwenyewe. Alinivunjia heshima mbele ya mafundi wote ili miti ile ibaki. Mtu aliyeruhusu hafanyi hivyo. Nataka iandikwe kwamba alikataa. Alimkatalia bosi wake, akanikatalia na mimi.

Niliyoyaeleza ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, na niko tayari kuyarudia mahakamani.

(Sahihi) Julienne Nabintu

Maelezo ya afisa: Nimeyachukua maelezo haya kwa Kiswahili na kumsomea shahidi kabla hajatia sahihi. Hakubadilisha kitu. Nilipofika mahali marehemu anapomwambia anyamaze, aliomba nipasome tena. Nilipasoma tena.

(Sahihi) Koplo Okwir