Nyumba Ninayoiruka

Tuwan, Kitale
9 Februari 2025

Kwako bakoki wangu Khaemba, tuliyetahiriwa siku moja,

Natumaini barua hii imekukuta umeketi, si umelala, na kwamba shemeji Nakhungu bado anakufokea kuhusu uji, maana siku atakayonyamaza nitaogopa. Mimi nipo. Naandika kwa sababu wewe husikii simu na mimi sina pumzi ya kuipigia kelele. Sentensi mbili tu na inanibidi nikae. Kwa kalamu naweza kusema mengi bila kuhema. Dereva wa lori la Kuldip, yule mwenye duka la mabati, amekubali kuziacha barua zetu pale Misikhu kila akishuka Bungoma.

Daktari amesema mapafu yangu yana makovu, na makovu hayaponi. Anadhani ni vumbi la mahindi. Tulipofukuzwa kijijini kwetu kule mlimani, wewe ulishuka Bokoli kwa wajomba zako, mimi nikaishia Moi's Bridge kubeba magunia ghalani. Nilidhani nimeiacha ile kazi. Kumbe nimetembea nayo kifuani.

Binti yangu Viola amenikodia mashine ya oksijeni. Nikiketi natumia lita sita kwa dakika, nikitembea nane. Kuna mashine ndogo za kubeba begani, lakini hazifikishi kiasi ninachohitaji. Kwa hiyo dunia yangu sasa ni urefu wa mpira: unatoka puani kwangu, unapita sebuleni, unafika uani. Nimetembea hapo mpaka majani yamekufa kwa duara. Viola ananicheka. "Baba, hata ng'ombe wa kamba huhamishwa kigingi, bana."

Na wewe, ile saratani ya tezi dume inasemaje?

Bakoki wako,
Sifuna


Bokoli
2 Machi 2025

Bakoki Sifuna,

Uji bado nafokewa, shukuru Mungu. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, Nakhungu naye asikie. Ameuliza kama unakula. Mwandikie kwamba unakula, hata kama si kweli.

Tezi imeingia kwenye mifupa. Eldoret walitaka nirudi, nimekataa. Sitakuzungusha: sitaona mavuno ya mwaka ujao, na ya mwaka huu sijui.

Nina ombi moja. Wewe umekuwa mfariji wa watu tangu tukiwa na nguvu. Nimekuona siku ya kumuse ukipita katikati ya waombolezaji na fimbo yako, ukitembea na kunena, kunena na kutembea, mpaka waliokuwa wanalia wakanyamaza. Nitakapozikwa, siku ya tatu, nataka utembee wewe. Vijana wangu watamleta mtu wa kipaza sauti ambaye atasema nilizaliwa Bokoli. Hata wao wanaamini hivyo. Hawajui kulikuwa na mlima. Nisifichwe nilikotoka, hilo tu. Aliyebaki wa kulisema mbele ya watu ni wewe.

Najua mapafu. Nakuomba hata hivyo.

Bakoki wako,
Khaemba


Tuwan
13 Aprili 2025

Bakoki wangu,

Nakula. Mwambie shemeji nimeongezeka shavu la kushoto.

Ombi lako nililala nalo wiki nzima kabla ya kumwambia mtu. Kisha nikamuuliza Chelagat, daktari wa mazoezi, kama mtu wa lita nane anaweza kutembea akihutubia. Alidhani natania. "Mzee, unataka kugombea kiti?" Nilipomweleza alisema kupumzika kunaua miguu kuliko ugonjwa, kwa hiyo tujaribu. Akanipa sheria. Nitembee nikiongea. Nikimaliza sentensi, niendelee. Nikikatika, nisimame, nivute kwa pua, nitoe kwa midomo iliyokunjwa kama anayepoza chai, nisione aibu.

Shida ni maneno. Unajua maneno ya kumuse hayasemwi wakati hakuna aliyekufa. Sijawahi kuyasema nyumbani kwangu maishani na sitaanza na wewe. Kwa hiyo nilihitaji kitu kingine cha kusema. Nilijaribu Zaburi, nikasinzia. Nilijaribu bei ya mahindi, nikapata hasira, na hasira inakula oksijeni.

Sasa nataja nyumba zetu. Naanzia kwenye daraja la mbao na kupanda: kwa Nakhumicha mfinyanzi, kwa Namasaka mwenye miguu mirefu, kwa Chemiat wa mizinga, kwa mwalimu Ndiema, kwa mjane wa Mabele. Kila hatua chache, nyumba moja. Jioni Viola hunipa chai na kuuliza, "Leo umefika kwa nani?" Mwanzo nilikuwa naishiwa kwa Namasaka. Jana nimefika kwa Ndiema na kumwona kabisa, amesimama mlangoni, amekunja suruali, anapiga mswaki.

Baada ya mjane wa Mabele ni kwako, na baada yako ni kwangu, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Huko bado sijafika.

Bakoki wako,
Sifuna


Bokoli
18 Mei 2025

Sifuna,

Nakuandikia na moyo mzito. Lenah, mpwa wake Nakhungu, anauza mboga huko Tuwan. Ameleta habari kwamba kila jioni unashika fimbo, unatembea uani ukitaja majina ya watu waliokufa, mmoja baada ya mwingine, ukipanda kama mtu anayekwenda mahali. Amesema, "Shangazi, yule mzee ashaanza kumzika mjomba."

Nakhungu hajalala. Anasema unawaita wafu waje wanichukue, na kwamba tangu Aprili ndipo maumivu yamezidi. Ni kweli yamezidi tangu Aprili. Nimemsomea barua yako na hataki kuisikia. Amewaambia vijana usitembee nyumbani kwetu.

Niambie jambo moja. Jina langu unalitaja?

Khaemba


Tuwan
25 Mei 2025

Bakoki,

Siulizi hali yako mwanzoni kwa sababu umenieleza, na sina la kuipoza.

Jina lako silitaji. Wote ninaowataja wamekufa na wanajua wamekufa. Kuwataja hakuwaongezi wala hakuwapunguzi. Wewe ni mzima. Nikitoka kwa mjane wa Mabele nafunga mdomo, napita mbele ya lango lenu kimya, navuta pumzi, kisha najaribu kufika kwangu. Nyumba yenu nairuka. Nimeiruka tangu siku ya kwanza, bila kuambiwa na mtu.

Mwambie Nakhungu. Asipoamini, simlaumu. Mtu anayemwuguza mumewe atatafuta wa kumshika, na mimi niko karibu, nina fimbo mkononi.

Nimeacha fimbo. Natembea mikono mitupu.

Sifuna


Bokoli
31 Agosti 2025

Bakoki wangu,

Unisamehe ukimya huu. Nilikuwa na barua yako chini ya mto, na mkono haukutaka. Mwandiko huu utausoma kwa taabu.

Nilimsomea Nakhungu ile sehemu ya lango letu. Akauliza, "Ananyamaza hapo tu?" Nikasema hapo tu. Akaenda jikoni akakaa huko mpaka nikamwita kwa kiu. Hajasema ndiyo. Vijana nao wameshaelewana na yule mtu wa kipaza sauti, wa Kimilili.

Mimi bado ombi langu ni lile.

Unaponyamaza pale kwangu, ni kwa muda gani? Nataka kujua kama ni muda wa kutosha mtu kutoka nje akakusalimia.

Bakoki wako,
Khaemba


Tuwan
14 Septemba 2025

Bakoki wangu,

Mwandiko niliusoma wote, hata pale ulipoteleza.

Ni muda wa pumzi moja ndefu. Ungekuwa na miguu ya zamani ungewahi kutoka, lakini ungenikuta naondoka.

Nakueleza ukweli wa ile pumzi, kwa sababu nimeugundua karibuni. Naihitaji. Bila kusimama kimya mbele ya lango lako sifiki kwangu. Nilijaribu siku moja kupita bila kuivuta, nikaanguka juu ya beseni la Viola. Lakini nikiivuta, naweza kufika. Wiki iliyopita nilifika, mara moja tu. Nilitaja daraja, nikataja wote, nikanyamaza kwako, kisha nikasema, "Kwa Sifuna." Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya choo cha mwenye nyumba, na niliona mlango wangu wa bluu.

Sijafika tena. Mashine sasa iko lita kumi, na hapo ndipo mwisho wake. Chelagat alikuja, akatazama kile kipimo cha kidoleni, akakitoa bila kunisomea namba. Zamani alikuwa anaisoma. Ameniambia nichague: nitembee au niongee.

Nitakuja. Sijui kwa kipi kati ya hivyo viwili.

Bakoki wako,
Sifuna


Bokoli
14 Oktoba 2025

Shemeji Sifuna,

Nakusalimu. Mimi si mwandishi, ni yeye aliyekuwa anaandika.

Mzee ametutoka leo alfajiri. Hakusema mengi. Tunamzika Jumamosi, na kumuse ni siku ya tatu. Mtu wa Kimilili atatembea, vijana wameshapanga naye. Wewe njoo, utakaa mbele na wazee. Usitembee. Sisemi kwa hasira, ile ilikwisha. Viola amenitumia picha yako. Sitaki tuzike wawili.

Shemeji yako,
Nakhungu


Tuwan
16 Novemba 2025

Shemeji Nakhungu,

Pole tena, na pole na nyumba ile kubwa yenye mtu mmoja. Natumaini Lenah amebaki nawe siku hizi. Mwambie sina neno naye. Nimekawia kuandika kwa sababu niliporudi nilikaa hospitalini hapa Kitale, na barua hii nimeianza na kuiacha mara nyingi.

Uliniambia nisitembee, nami nikatembea. Nataka ujue kwa nini, maana ulikuwa mbali upande wa wanawake na huenda hukusikia.

Mtu wa Kimilili alinena vizuri. Ana miguu myepesi na anajua kushusha sauti. Nilikuwa nimetulia kitini, mtungi wangu wa oksijeni ukiwa nyuma kwenye pikapu tuliyokodi, na moyoni nilisema basi, Khaemba amepata mtu. Kisha akasema marehemu alizaliwa katika udongo huu wa Bokoli na hakuwahi kuuacha. Watu wakaitikia. Nilikutazama. Ulikuwa unatazama chini.

Ndipo niliposimama. Dereva alirudisha pikapu nyuma kidogo, mpira ukapata urefu. Yule bwana ni mtu wa adabu, alinipisha. Nilifungua mdomo nikitafuta maneno ya kazi yangu, yale niliyoyanena kwa miaka yote, na hayakuja. Pumzi yangu ilikuwa imejifunza njia moja tu. Kwa hiyo nilianza darajani. Kwa Nakhumicha mfinyanzi. Kwa Namasaka. Nilisikia kijana mmoja akisema, "Huyu mzee anaita rejista ama?" na wenzake wakacheka, si kwa ubaya, ni vile hawajui. Kwa Chemiat. Kwa mwalimu Ndiema. Kwa mjane wa Mabele.

Nikafika kwenye lango lenu. Siku zote hapo nilikuwa nanyamaza na kuvuta pumzi. Lakini safari hii mumeo alikuwa amelala pale chini ya udongo mbichi, na hakukuwa na sababu tena ya kumruka, na ndilo jambo aliloniomba. Nikasema, "Kwa Khaemba, mwenye mparachichi mlangoni, aliyeishi huko mlimani mpaka tulipofukuzwa." Nilisema yote. Sijui kama yalitoka kwa sauti ya kusikika. Mwanao aliyenidaka kwapani anasema alisikia mparachichi.

Vijana wakawasha muziki kidogo ili watu wasishtuke. Sikukufariji, shemeji. Nimewafariji watu wengi nisiowajua, na kwenu nilileta orodha ya nyumba na kuanguka.

Mtungi wa kurudia tuliumaliza kabla ya Kiminini. Sehemu iliyobaki ya njia siikumbuki.

Sasa Viola ameuondoa ule mpira mrefu, maana unapunguza nguvu ya hewa, na mimi sina nguvu ya kupunguziwa. Wa sasa unatoka kitandani hadi kitini. Chelagat bado anakuja. Ananiinua miguu mmoja mmoja akiniuliza habari za zamani, na mimi namjibu kwa kidole. Majani yameanza kuota uani, lile duara halionekani vizuri.

Jioni, kwa mazoea, nataja zile nyumba bila sauti. Nafika kwa Khaemba na hapo pumzi inakwisha. Nimejaribu kunyamaza pale kama zamani ili nipate ya kuendelea, lakini siwezi, maana jina lake sasa ni lazima litajwe pamoja na ya wengine. Kila siku naishia langoni kwenu.

Mbali nami, wewe ndiye pekee uliyebaki kati ya waliopanda njia ile kwa miguu yao. Siku wajukuu watakapokuuliza, ukiwahesabia nyumba, usiishie kwenu. Kulikuwa na moja zaidi, upande wa kulia, yenye mlango wa bluu.

Shemeji yako,
Sifuna